Kama Halipo, Laja

Ndevu zilikuwa za pamba, ile pamba ya duka la dawa, na jasho lilikuwa limekwisha kuzilowesha upande wa kidevu. Disemba ya Dar es Salaam haimhurumii mtu aliyevishwa joho jekundu la kitambaa kizito. Mzee yule, ambaye hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa amesimamishwa mlangoni mwa duka kubwa, pale ubaridi wa ndani unapokutana na fukuto la nje, akiwagawia watoto peremende moja moja. Mbele yangu alikuwapo binti wa miaka sita au saba, ameshikwa mkono na mama yake. Alimkagua Baba Krismasi kuanzia juu: kofia, ndevu, mkanda, tumbo lililojazwa mto. Macho yakashuka mpaka miguuni, yakatua hapo. Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi ngumu, vimelika visigino, viatu vya mlinzi. Mtoto akavitambua. Nilimsikia akimwambia mama yake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mama, huyu ni yule anko wa getini." Mama akambana mkono anyamaze. Kisha zamu yao ikafika, na mtoto yule yule aliyekwisha kutoa hukumu akapiga hatua mbele, akasema, "Shikamoo, Baba Krismasi," akaitikiwa marahaba, akasimama kwa ncha za vidole na kumnong'oneza sikioni ombi refu, refu kiasi cha watu wa nyuma kuanza kuguna.

Ombi lenyewe halinihusu. Kinachonishughulisha hadi leo ni kwamba alijua, na bado aliomba. Sisi watu wazima tumezoea kuusimulia utoto kwa mstari ulionyooka: mtoto huamini, siku moja hushtuka, na tangu hapo haamini tena. Binti yule hakuufuata mstari huo. Shaka yake aliiacha miguuni pa yule kijana, imani yake akaipeleka sikioni, na kati ya miguu na sikio hakuona ugomvi wowote. Sioni kwamba alikuwa amedanganyika, na sioni kwamba aliigiza ili kumfurahisha mama. Nadhani alikuwa anajua jambo ambalo wengi wetu tumelisahau, kwamba anko wa getini naye anaweza kuwa ametumwa.

Swali maarufu kuliko yote katika jambo hili liliulizwa New York mwaka 1897. Virginia O'Hanlon alikuwa na miaka minane, na watoto wenzake walikuwa wamemwambia kwamba Santa Claus hayupo. Alimuuliza baba yake, aliyekuwa daktari. Baba, badala ya kujibu, akamwelekeza kwenye gazeti la The Sun, akimhakikishia kwamba likiandikwa humo basi ni kweli. Mtoto akaandika barua fupi akiomba aambiwe ukweli. Jibu lilitoka tarehe 21 Septemba, miezi mitatu kabla ya Krismasi yenyewe, bila jina la mwandishi, likiwa limewekwa chini ya maoni mengine ya siku hiyo, mojawapo likihusu baiskeli isiyo na mnyororo. Aliyeliandika alikuwa Francis Pharcellus Church, mwanamume asiye na mtoto, aliyewahi kuandika habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Umma ulikuja kulijua jina lake baada ya kifo chake, mwaka 1906. Alichomjibu Virginia, kwa ufupi, ni kwamba rafiki zake walikosea, kwamba Santa Claus yupo kama vile upendo na ukarimu ulivyopo, na kwamba kutoonekana kwa kitu si ushahidi wa kutokuwapo kwake.

Ni jibu zuri, na limechapishwa tena na tena kwa zaidi ya karne moja. Lakini kila nikilisoma namfikiria mtoto aliyekuwa akilisubiri. Hakuwa ameuliza kuhusu upendo. Aliuliza kuhusu mtu. Alikuwa amesukumwa kutoka kwa baba hadi gazetini, na gazeti likampeleka kwenye falsafa, na safari nzima hiyo ilifanywa na watu wazima waliompenda ambao hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni akasema ndiyo au hapana. Chini ya swali lake naona swali jingine, ambalo mtoto wa miaka minane hana namna ya kulitunga lakini analisikia kifuani: ninyi wakubwa wangu, mkiniambia jambo, huwa mnaniambia kweli? Na bado Virginia mwenyewe hakunung'unika. Akawa mwalimu katika shule za New York, akafundisha kwa miongo mingi, na mpaka uzeeni aliendelea kuwajibu watu waliomwandikia kuhusu barua yake ya utotoni. Alifariki mwaka 1971 akiwa bado analishukuru lile jibu. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba Church alikosea. Naona tu kwamba alilijibu swali moja kati ya mawili, na akalijibu vizuri mno hata hakuna aliyeuliza juu ya lile la pili.

Wahenga waliligawa jambo hili vipande viwili waliposema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Virginia alisimama kwenye kipande cha kwanza, cha kuwapo. Watoto niliokua nao, na wengi ninaowaona hata leo, walisimama kwenye kipande cha pili. Hatukuwa na shaka kwamba Krismasi ipo. Tuliiona kwa jirani, tuliisikia kwaya ikiifanyia mazoezi tangu Novemba, tuliinusa mitaani pale mama wa nyumba ya tatu alipoanza kusafisha iliki na mdalasini wa pilau. Tulichokuwa hatujui ni kama itafika kwetu.

Na aliyeshika funguo za kufika kwake alikuwa fundi cherehani. Kitambaa kilipelekwa kwake mwanzoni mwa Disemba, mara nyingi cha rangi moja kwa watoto wote wa nyumba, ili tukisimama mstari mmoja kanisani ijulikane sisi ni wa nani. Fundi alitupima kwa futi yake iliyofifia namba, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, akakichomeka kwa pini kwenye kitambaa, akasema tuje Jumamosi. Jumamosi akasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Jioni ya tarehe 24 baraza lake lilijaa watoto, wengine wamekaa chini, wengine wamening'inia dirishani, na kila mmoja alikuwa na jicho lake kwenye lile lundo akikitafuta kitambaa chake. Kulikuwa na madaraja ya matumaini pale ambayo hakuna katekista aliyepata kutufundisha. Mtoto ambaye kitambaa chake kilikuwa kimekatwa alikuwa na imani yenye ushahidi. Ambaye chake kilikuwa bado kimekunjwa, pini juu yake, alikuwa na imani tupu, na hiyo ndiyo ngumu kuibeba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi matumbo yetu yaliuma kweli. Cherehani ilipokanyagwa na kunguruma tulinyamaza sote. Ilipokatika uzi, baraza zima lilishusha pumzi.

Fundi yule hakuwa mwovu. Alikuwa mtu asiyeweza kusema hapana kwa mzazi yeyote, na usiku ule alikuwa akilipa gharama ya ndiyo zake zote. Nimekuja kumheshimu sana. Hakuwa na joho jekundu, na hakuna aliyetuambia kwamba anatoka kwenye theluji. Tulimwona akipepesa macho kwa usingizi, tulimwona akijichoma sindano, na wala kumwona huko hakukulipunguza ajabu. Gauni lililotoka mikononi mwake saa nne za usiku, pindo lake halijamalizwa, vifungo vikisubiri kushonwa na mama nyumbani kwa mkono, lilikuwa na uzito ambao nguo niliyonunuliwa tayari haijawahi kuwa nao. Lilitandazwa kitandani, sisi tukalala pembeni ili lisikunjamane. Viatu vilikuwa vikubwa kwa namba moja au mbili, vimejazwa karatasi mbele, maana mguu wa mtoto haungoji. Nywele zilikuwa zimesukwa zikakaza mpaka macho yakavutika. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambayo mwili wa mtoto ulitayarishwa hivyo, kila kiungo, na mikono ya watu anaowajua kwa majina.

Wapo ambao hawakungoja nguo, walingoja mtu. Yeyote aliyekaa Moshi, Rombo, Machame au Marangu mwezi wa Disemba anajua jinsi milima ile inavyojaa. Waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na ng'ambo hurudi kwenye vihamba vya baba zao, mabasi yakijaa wiki nzima, nauli zikiwa gumzo kila mwaka. Disemba ya mwaka 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi iliporudishwa baada ya miaka mingi, ilirudi kwa majira hayo hayo ya watu kwenda nyumbani. Mbuzi huchinjwa, mbege huchotwa, machalari hupikwa kwenye sufuria zinazotolewa mara moja kwa mwaka, na wajukuu wa mjini husogezwa mbele ya babu na bibi ili wasalimie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika nyumba nyingi za milimani yupo pia mtoto anayelelewa na bibi, ambaye mama yake alisema kwenye simu mwezi wa tisa, "Krismasi nakuja." Mtoto huyo anaijua honi ya kila basi linalopita barabara ya lami. Anajua lipi hushusha abiria kwenye kona ya zahanati na lipi hupitiliza. Ahadi ni deni, na yeye ndiye mdai, lakini ni mdai asiye na mahali pa kushtaki.

Wakati mwingine mama haji. Ruhusa imenyimwa, nauli imepanda, kazi aliyoipata Disemba haiwezi kuachwa. Badala yake unaingia ujumbe kwenye simu ya bibi, na kwa fedha ile nyama inanunuliwa, nguo inanunuliwa, soda inanunuliwa. Zawadi zote zimefika. Ndipo ninapoona jinsi hadithi ya Baba Krismasi inavyopinduka ikifika kwetu. Kule ilikotoka, mtoa zawadi ni wa kufikirika na zawadi iko mkononi, na mtoto akikua anaona zawadi ilitoka kwa mama aliyekuwa chumba cha pili. Kwa mtoto huyu wa mlimani, mtoaji yupo bila shaka yoyote, picha yake iko ukutani, sauti yake iko kwenye simu, ila hayumo chumba cha pili. Huyu hata ukimwandikia gazeti zima kuhusu vitu vilivyopo bila kuonekana hujamjibu. Hana tatizo na kuwapo. Anachotaka ni kuja.

Kuna asubuhi za Disemba, mapema, kabla mawingu hayajapanda, ambapo mtoto huyo akitoka nje kunawa uso huiona Kibo ya Kilimanjaro yote, nyeupe kileleni. Huko mjini wenzake wanapachika pamba kwenye matawi ya mti wa plastiki na kuiita theluji, na yeye anayo theluji yenyewe juu ya migomba ya bibi yake. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona akitokea upande wa pwani. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kile kitu cheupe, akakiita tu baridi. Rebmann alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimpinga kwa miaka, akiona kwamba jambo kama hilo haliwezekani. Huwa naukumbuka mzozo ule kila ninaposikia mtu akisema kwamba kuacha kuamini ndiko kukua. Cooley alikuwa mtu mzima na msomi. Shaka yake ilikuwa na hoja, na mlima ulikuwa pale pale. (Barafu ile sasa inapungua mwaka hadi mwaka, na huenda wajukuu zetu watatuona waongo tukiwaambia kwamba ilikuwapo.)

Kwa mtoto, dunia nzima iko hivyo. Tunamwambia kwamba kuna mlima wa moto wenye barafu juu yake, naye anakubali. Tunamwambia kwamba nyangumi ni mnyama anayenyonyesha, kwamba ardhi aliyosimama inazunguka, kwamba sauti ya shangazi iliyo kwenye simu imetoka Muscat sasa hivi, na yote hayo anayapokea. Kisha tunamwambia kwamba kulungu wa nchi za theluji wanaruka angani wakivuta gari lisilo na magurudumu. Atayapambanuaje? Hana mizani ya kupimia maajabu isipokuwa sisi. Akiliamini la kulungu, hajaamini kulungu, ametuamini sisi. Ndiyo maana naona shaka ya mtoto ni jambo la kupokelewa kwa heshima, kama mgeni aliyetembea njia ndefu. Mtoto anayehesabu nyumba za mtaa na kuuliza zinawezaje kutembelewa zote kwa usiku mmoja, anayeona kwamba dirisha la nyumba yao lina nondo na paa halina bomba la moshi, anayegundua kwamba mwandiko wa Baba Krismasi unafanana na wa baba, hajapoteza kitu. Anafanya kazi ile ile tutakayomlipia ada shuleni aifanye.

Humo ndani ya hadithi ya mzee wa joho jekundu kuna jambo moja tu ambalo nisingependa livuke kizingiti cha nyumba yoyote, nalo si kuruka kwake angani. Ni daftari lake. Inasemwa kwamba mzee huyo anawajua watoto wema na watukutu, na kwamba hugawa kwa kadiri ya wema wao. Wazazi wengi hulitumia hilo kuanzia Novemba ili vitanda vitandikwe na sahani ziishe. Sasa mfikirie mtoto aliyetandika kitanda, akamtii mwalimu, akamchotea bibi maji bila kutumwa, na tarehe 25 ikapita bila kitu kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Jirani yake mtukutu amepata baiskeli. Mtoto huyo akiamini hadithi, itambidi aamini pia kwamba yeye ni mbaya kwa namna asiyoijua, na kwamba kuna mtu huko mbali aliyeuona ubaya huo na kuuandika. Uongo wa kulungu humwisha mtoto mwenyewe akifika darasa la pili au la tatu. Huu wa daftari hauishi wenyewe. Nimewasikia watu wazima wakiuongea mchana kweupe, waliofanikiwa wakisema wamepata kwa kuwa wamestahili, na walioshindwa wakijichunguza usiku kucha kuona ni dhambi gani.

Inanisikitisha zaidi kwa sababu mzee mwenyewe, huko alikoanzia, hakuwa mtu wa daftari. Nyuma ya Santa Claus amesimama Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi tunayoiita leo Uturuki, aliyeishi karne ya nne. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na baba fukara mwenye binti watatu, hana mali ya kuwaozea, na hatari iliyowangoja ilikuwa kuuzwa. Nikolasi akaenda usiku, akarusha mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka. Akarudi tena, na tena. Hakuuliza kama mabinti ni wema. Hakungoja barua yao ya maombi. Alikwenda usiku ili yule baba asione haya mbele ya mtu aliyemsaidia. Kujificha kwake kulikuwa stara ya mpokeaji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na pwani yetu hata kujificha hakukuhitajika. Mtoto aliyepewa mkono wa Idi aliuona mkono uliompa, akaubusu, na sahani ya pilau iliyovuka ua kutoka nyumba ya Waislamu kwenda ya Wakristo, na miezi kadhaa baadaye ikarudi imejaa kutoka upande wa pili, ilibebwa na mtoto anayejulikana, imefunikwa kitambaa kinachojulikana.

Januari shule zikifunguliwa, mwalimu huandika ubaoni: Jinsi nilivyosherehekea Krismasi. Karibu kila aliyesoma huku amewahi kuiandika insha hiyo. Na karibu katika kila darasa wamo watoto ambao siku ile walikula walichokula jana yake, wakavaa walichovaa jana yake, na sasa wanainama na kuandika kuhusu kuku watatu, chapati, soda za rangi zote na mjomba aliyekuja na gari. Wanaandika kwa mwandiko mzuri. Mwalimu anasahihisha herufi kubwa na alama za nukta. Kuna anayeweza kuuita huo uongo. Mimi naona ni kazi ngumu sana kwa mtoto, kuijenga nyumba yake kwa maneno ili heshima ya wazazi isimwagike mbele ya darasa. Laiti ningekuwa na mamlaka juu ya ubao, swali lile ningelibadilisha. Ningewaomba waeleze Krismasi wanayoitaka, ili aliyepata na asiyepata waanzie mstari mmoja.

Hapo ndipo ninapourudia urithi ambao sisi tunao na ambao Virginia, nadhani, angeupenda. Mtambaji wetu hakuwavizia watoto. Alianza kwa kusema hadithi, hadithi, nao wakaitika: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Watoto wenyewe waliuita uongo kwa jina lake, wakaufungulia mlango, wakaukaribisha ukae nao mpaka usiku uishe. Sungura akasema, fisi akala ngoma, zimwi likameza kijiji, na watoto wakaogopa kweli, wakacheka kweli, wakalala wakiwa wamejifunika gubigubi. Asubuhi hakuna aliyelia kwamba ametapeliwa. Ajabu haikuhitaji ulinzi wa siri, kwa sababu aliyeingia humo aliingia akijua. Na tazama, haikuwa imani dhaifu. Mtoto aliyeitika uongo njoo ndiye huyo huyo aliyekataa kwenda chooni peke yake.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Carl Anderson na Norman Prentice, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto waliokwisha kuujua ukweli kuhusu Santa Claus. Wengi wao walikuwa wameugundua wenyewe wakiwa na umri wa miaka kama saba, na walipoulizwa walivyojisikia, hisia zao kwa jumla zilikuwa njema. Waliosikitika walikuwa wazazi. Nimekaa na matokeo hayo muda mrefu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtoto siku anapoijua amekuwa kata. Amekaribishwa upande wa wanaochota. Mzazi anaomboleza nini basi? Nafikiri anamwombolezea yule mtu aliyekuwa yeye machoni pa mtoto, mtu ambaye neno lake lilitosha kulibeba gari angani. Ni huzuni ya haki, na siidharau. Ila si mtoto wa kuibeba, na si sababu ya kumdanganya kwa mara nyingine anapokuja, akiwa ameshika ushahidi wake mkononi, kuuliza ndiyo au hapana. Aliyefika na swali hilo ameshafungua mlango mwenyewe. Ajibiwe, kisha aulizwe kama anataka tuendelee na hadithi.

Watoto wanalijua hilo bila kufundishwa. Disemba iliyopita nilisafiri kwenda Moshi kwa basi la asubuhi, na kiti cha nyuma yangu alikaa mvulana wa miaka kama kumi na mdogo wake wa kike. Kabla hatujatoka stendi nilikuwa nimemsikia mvulana akimweleza mwenzake, kwa ujuzi wa mtu aliyechunguza, kwamba mambo ya Baba Krismasi ni ya wazazi tu. Tulipopita Kibaha mdogo wake akamuuliza, "Kaka, sasa atajuaje kama tumeenda kwa babu?"

Kaka alifikiri kidogo. "Anamuuliza konda."

"Na wale kulungu wake hawapimwi mizani?"

"Wanapimwa Vigwaza. Mmoja amezidisha uzito, ameshushwa, anatembea kwa miguu mpaka Chalinze."

"Uongo!"

"Niendelee au niache?"

"Endelea."

Akaendelea. Alimpitisha mzee yule Wami, akamzibia pancha pasipo na gurudumu, akamgombanisha na trafiki. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili, kitenge kimemfunika mpaka mabegani, alikuwa amelala au tulidhani amelala. Bila kufumbua macho akasema, "Pale Segera huwa anawanunulia machungwa hao wanyama wake. Gunia zima."

Mdogo akageuka, akamwangalia mama yule kwa muda, akimpima. Kisha akauliza, "Wanakula na maganda?"